Barua ya Mahakama kwenye Dirisha la Vermeer

Mwaka 1997, katika wilaya ya Hackney mashariki mwa London, mwanamke kijana alisimama kando ya dirisha la nyumba isiyo yake, akisoma karatasi iliyotoka mahakamani. Mtoto wake mchanga alikuwa amelazwa mbele yake. Nyuma ya kamera alikuwapo jirani yake, Tom Hunter, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Royal College of Art, ambaye alikuwa akikabiliwa na kufukuzwa kama yeye. Picha ile ikapewa jina Woman Reading a Possession Order. Anachosoma mwanamke huyo ni amri ya kumrudishia mwenye nyumba nyumba yake, na maana yake kwa anayeisoma ni moja: fungasha.

Aliyewahi kufungua kitabu chochote cha sanaa ya Uholanzi hahitaji kuambiwa picha hiyo imetoka wapi. Dirisha lipo kushoto, mwanamke anaonekana upande mmoja wa uso, kichwa kimeinama kidogo, karatasi imeshikwa kwa mikono miwili, na mwanga unaingia kana kwamba umebisha hodi kwanza. Ni ule mchoro wa Johannes Vermeer wa msichana anayesoma barua kwenye dirisha lililo wazi, uliochorwa Delft kati ya 1657 na 1659 na ambao leo uko Dresden, Ujerumani.

Picha za kuiga michoro ya zamani si jambo geni. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, jumba la Getty la Marekani liliwaalika watu kuigiza michoro mashuhuri kwa vitu walivyo navyo nyumbani, na mtandao ukajaa wanawake wa kilemba cha taulo na wafalme wa taji la karatasi ya jikoni. Zilichekesha, nyingine zilikuwa na ufundi kweli, kisha tukazisahau. Picha ya Hunter ina karibu miaka 30 sasa na bado inaoneshwa, inafundishwa, inabishaniwa. Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu tofauti iko wapi. Jibu nililonalo limebadilika mara moja, mwaka 2021, kwa sababu ya jambo lililotokea Dresden. Nitalifikia.

Mtaa uliokuwa ukisubiri kubomolewa

Ellingfort Road, alikoishi Hunter, ni barabara fupi karibu na bustani ya London Fields. Katika miaka ya 1980 na 1990 halmashauri ya Hackney ilikuwa na nyumba nyingi ambazo hazina wapangaji, zikisubiri mipango ya ujenzi. Watu wasio na kodi ya kulipa London, wasanii, mafundi, wanafunzi, wazazi wa watoto wadogo, walihamia humo bila ruhusa. Wakatengeneza mabomba, wakaziba paa, wakaishi.

Hapa lazima tueleze sheria kidogo, kwa kuwa bila hiyo picha inabaki nusu. Wakati ule, kuingia na kukaa katika nyumba tupu huko Uingereza hakukuwa kosa la jinai. Lilikuwa shauri la madai kati ya mwenye nyumba na aliyeko ndani. Isitoshe, sheria ya mwaka 1977 ilimkataza mtu kuvunja mlango kwa nguvu ikiwa kuna mtu ndani anayepinga. Kwa hiyo mwenye nyumba alipaswa kwenda mahakamani. Lakini atamshtaki nani, ikiwa hajui majina ya waliomo? Tangu 1970 kanuni za mahakama zilitoa njia: unaruhusiwa kushtaki “watu wasiojulikana”. Hati inabandikwa mlangoni au kutumbukizwa ndani, na aliyeko ndani anasoma kwamba serikali inamjua vya kutosha kumfukuza, ila si vya kutosha kumwita jina.

Miaka 15 baada ya picha mambo yalibadilika. Kuanzia Septemba 1, 2012, kuishi bila ruhusa katika jengo la makazi ni kosa la jinai katika England na Wales, na adhabu yake yaweza kufika kifungo. Picha ya Hunter kwa hiyo ni ya wakati ambao umekwisha: wakati ambapo mtu wa namna hiyo bado alikuwa mdaiwa, hajawa mhalifu.

Hunter akayachukua maneno yale yale ya mahakama, “watu wasiojulikana”, akayafanya jina la mfululizo mzima wa picha. Huo ndio mwanzo wa akili yake katika kazi hii, na ulikuja kabla ya kamera. Unaitwa usiyejulikana, basi ngoja ujulikane, tena kwa namna ambayo wafalme na wafanyabiashara walilipa fedha nyingi kujulikana.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu njia nyingine. Mwaka 1994 yeye na James Mackinnon walijenga mfano mdogo wa mtaa wao, nyumba kwa nyumba, na ndani ya madirisha wakaweka picha za vyumba na wakazi zenye taa nyuma yake. Waliuita Ghetto, neno lililokuwa limetupwa juu ya mtaa wao na gazeti la huko. Mfano huo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la jiji la London. Ni kazi ya kupendeza, na mtu anaweza kuinama mbele yake nusu saa. Ila unauangalia mtaa kutoka juu, kama mtu anayechungulia chungu cha wadudu. Picha ya 1997 inakusimamisha ndani ya chumba.

Kwa nini mchoraji huyu

Vermeer alizaliwa Delft mwaka 1632, akafia huko huko 1675. Michoro inayokubaliwa kuwa yake ni kama 35 tu, na mingi inaonesha jambo lilelile: chumba, dirisha, mtu mmoja au wawili, shughuli ndogo. Anamimina maziwa. Anashika mizani. Anasoma. Hakuna vita wala malaika. Kwa hilo alikuwa na wenzake wengi Uholanzi ya karne ya 17, lakini kwake shughuli ndogo inapewa muda ambao wachoraji wengine waliuweka akiba kwa watakatifu.

Baada ya kufa alisahaulika kwa sehemu kubwa. Mchoro wa msichana na barua uliponunuliwa kwa ajili ya mkusanyiko wa Dresden mwaka 1742, ulidhaniwa ni wa Rembrandt, na baadaye ukahesabiwa kuwa wa Pieter de Hooch, mchoraji mwingine wa Uholanzi. Aliyemrudishia Vermeer jina lake mbele ya umma alikuwa Mfaransa, Théophile Thoré, katika makala alizochapisha Paris mwaka 1866. Na Thoré hakuwa mtaalamu wa sanaa aliyekaa kimya maktabani. Alikuwa mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyekimbia Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa, akazunguka uhamishoni miaka kama kumi akitumia jina la kubuni la William Bürger. Aliipenda sanaa ya Uholanzi kwa sababu iliwachora watu wa kawaida. Yaani Vermeer tunayemjua leo alifufuliwa na mtu aliyekosa makazi kwa ajili ya siasa. Hunter aliyachukua mambo ya Vermeer kwa sababu hiyo hiyo ya Thoré, na ameeleza mara nyingi kwamba kilichomvuta ni jinsi wachoraji wale walivyompa heshima mtu wa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halitajwi picha hii inapozungumziwa, nalo linanikera kwa sababu linafaa sana. Vermeer mwenyewe alikufa na madeni. Aliacha mke, Catharina Bolnes, na watoto 11, kumi kati yao wakiwa bado wadogo. Mwanzoni mwa 1676 mjane huyo alimkabidhi mwoka mikate, Hendrick van Buyten, michoro miwili ya marehemu kama dhamana ya deni la mikate lililozidi guilder 600, fedha ya Uholanzi ya wakati ule. Mmoja kati ya michoro hiyo ulionesha watu wawili, mmoja wao akiandika barua. Mwaka huo huo aliomba mahakama imhesabu kuwa ameshindwa kulipa. Kwa hiyo katika nyumba ya Vermeer yenyewe, mwanamke mwenye watoto aliyesimama na karatasi ya kisheria mkononi hakuwa kitu cha kuwaziwa. Vermeer hakuwahi kumchora. Ilibidi asubiri miaka 320.

Kilichochukuliwa, kilichoachwa

Tukiziweka picha mbili pamoja, jambo la kwanza la kusema ni kwamba Hunter hakuiga mavazi. Huyu hakuvalishwa gauni la njano la karne ya 17 wala nywele zake hazikusukwa kwa mtindo wa Delft. Huu ndio mtego ambao waigizaji wengi wa michoro wananasa: wanatafuta kitambaa kinachofanana, wanakipata, na picha inakuwa juu ya kitambaa. Hunter ameuchukua mwili ulivyosimama, mahali pa dirisha, umbali kati ya jicho na karatasi, na ukimya. Mengine yote ni ya 1997.

Kwa Vermeer, mbele ya msichana kuna meza iliyofunikwa zulia la Kituruki, na juu yake bakuli la kaure la Kichina limelala upande, matunda yakimwagika. Pichi moja imekatwa katikati hadi kokwa inaonekana. Wachambuzi wa sanaa wamelisoma tunda hilo kwa karne moja na zaidi, wakiona ndani yake tamaa, au Hawa wa bustanini.

Hunter amemweka mtoto mahali pa matunda.

Nadhani huu ndio uamuzi bora wa picha nzima. Kwa upande mmoja ni mbadala wa heshima kabisa: tunda ni tunda, na mtoto ni tunda la tumbo, Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Kwa upande mwingine unageuza uzito wa barua. Msichana wa Vermeer akiinua macho, hasara yake ni ya moyo wake mwenyewe. Huyu akiinua macho, kuna mtu wa pili chumbani ambaye hajui kusoma, na leo jioni atalala wapi. Halafu mtoto hana haraka. Anatazama kama watoto wanavyotazama, hajui lolote. Upo ukimya wa aina mbili ndani ya fremu moja.

Kinachofuata ni pazia. Vermeer alichora pazia la kijani upande wa kulia, limening'inia kwenye fimbo inayopita juu ya mchoro mzima, kana kwamba ni pazia halisi lililotundikwa mbele ya picha na mtu anaweza kulivuta. Ulikuwa mchezo wa wachoraji wa wakati ule, kwani wenye michoro ya thamani waliifunika hivyo. Chini ya pazia hilo, eksirei ilionesha kwamba kwanza palikuwa na glasi kubwa ya mvinyo ambayo Vermeer mwenyewe aliifuta. Pazia linatuambia kwamba tunachungulia. Msichana ana faragha yake na sisi tumeifungua. Hunter hakuchukua mchezo huo, na sidhani angeweza. Mtu anayefukuzwa hana pazia. Na mpigapicha hakuwa anachungulia, alikuwa jirani aliyealikwa ndani.

Picha nyingine za mfululizo zilipita njia hiyo hiyo. Kuna mwanamke anayeandika hati ya kiapo, pale ambapo Vermeer alimweka mwanamke anayeandika barua. Kuna moja inayochukua mchoro mkubwa wa Vermeer juu ya sanaa ya uchoraji na kuuita sanaa ya kukaa nyumba za watu, utani mzuri ambao kwa maoni yangu unaishia kwenye jina. Hii ya dirisha ndiyo iliyosimama peke yake.

Mwanga wa kusubiri

Kwa wapigapicha wanaosoma, hapa ndipo penye kazi. Hunter alitumia kamera kubwa ya filamu za vipande, inchi 4 kwa 5. Kila kipande ni picha moja. Huwezi kupiga 30 halafu uchague. Unaweka stendi, unajifunika kitambaa cheusi, unaangalia picha iliyopinduka juu chini kwenye kioo cha nyuma, unapanga, unafunga, unatia filamu, ndipo unapiga. Kwa mwanga wa dirisha ndani ya chumba, lenzi hubaki wazi muda ambao mtu aliyesimama anauhisi. Akitikisika, ameharibu kipande. Mwanamke na karatasi yake walipaswa kutulia kweli, na utulivu unaouona katika picha ni utulivu uliofanyika, si wa kubahatisha.

Wachoraji na kamera wana historia yao hapa. Tangu mwisho wa karne ya 19 watu wamekuwa wakibishana kama Vermeer alitumia kisanduku cheusi chenye lenzi, babu wa kamera, kutupa taswira ya chumba kwenye ukuta au karatasi. Wanaosema ndiyo wanaonesha vidoto vya mwanga kwenye mikate, vinavyofanana na vile lenzi isiyolenga sawa inavyovitoa. Wanaosema hapana wanaonesha matundu ya pini: katika michoro yake kadhaa, pale ambapo mistari yote ya chumba inakutana, kuna kitundu ambapo alichomeka pini, akafunga uzi, akachora mistari kwa kuvuta uzi huo. Mimi nadhani mtu anayechora taratibu kama yule hakuwa na sababu ya kujinyima zana yoyote. Lakini kwa kisa hiki jambo lina ladha yake: ikiwa kisanduku kilikuwepo, basi Hunter hakuleta kamera kwa Vermeer. Aliirudisha.

Halafu kuna karatasi. Picha hii ilichapwa kwa Cibachrome, njia ambayo sasa haitengenezwi tena. Unaanza na slaidi, filamu yenye rangi kama zilivyo, si negativu yenye rangi zilizopinduka. Rangi zote zimo tayari ndani ya karatasi tangu kiwandani, na kemikali huziondoa pale zisipohitajika. Matokeo yake ni rangi nzito, zinazong'aa, na vivuli vinavyofunga haraka. Slaidi ina ukali wake: tofauti ya mwanga kati ya dirisha na kona ya chumba ikizidi hatua kama 5, kila hatua ikiwa ni mwanga mara mbili, upande mmoja unapotea. Mchoraji anaamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani. Mpigapicha wa slaidi anangoja wingu lipite mbele ya jua ili dirisha lipunguze kelele. Wanaojaribu kuiga picha hii kwa simu na kupandisha vivuli kwa programu hupata chumba kinachoonekana chote sawasawa. Wanapata kila kitu, na ule mwanga wa kubisha hodi umeondoka.

Uzuri na njaa

Kuna malalamiko dhidi ya picha za aina hii, nayo si ya kupuuza. Unamchukua mtu anayefukuzwa, unampaka dhahabu ya Uholanzi, unaitundika picha kwenye ukuta mweupe, watu wenye nyumba zao wanakuja kusema ni nzuri. Umasikini umekuwa samani. Nimeona picha nyingi ambazo lalamiko hilo linaziangusha mara moja.

Kwa hii linakwama, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mpigapicha alikuwa kwenye jahazi moja na mpigwapicha. Hakuja na begi la kamera kutoka kwingine. Kama halmashauri ingeshinda, angehama naye. Ya pili ni kwamba Hunter hakujificha nyuma ya usanii. Miaka baadaye alieleza wazi kwamba alitaka picha ioneshe heshima ya maisha ya watu wale, na akaiita propaganda ya kuuokoa mtaa. Kuna wasanii wanaolikimbia neno hilo kama ukoma. Yeye alilishika.

Na ilifanya kazi, angalau kwa sehemu. Picha ilishinda mwaka 1998 tuzo ya picha za watu iliyobeba jina la John Kobal, shindano kubwa la aina hiyo Uingereza wakati ule. Ikaonekana magazetini. Kwa maelezo ya Hunter, ilisaidia kufungua mazungumzo na halmashauri iliyokuwa inataka kubomoa, na nyumba zikabaki. Nisingesema picha iliokoa mtaa. Wakazi walijipanga, waliandika, walihudhuria vikao, na walikuja kuendesha nyumba zao kama ushirika. Ila kikao kinakuwa na sura nyingine pale ambapo “mtu asiyejulikana” anayezungumziwa ametundikwa ukutani katika jumba la sanaa, na maafisa wenyewe wameshamwona.

Hunter aliendelea. Karibu na mwaka 2000 alichukua mchoro wa John Everett Millais wa Ophelia, msichana wa tamthilia ya Shakespeare, anayeelea mtoni, wa miaka ya 1851 na 1852, akapiga picha ya msichana ndani ya mfereji wa Hackney. Chanzo kilikuwa habari ya kijana aliyeangukia majini akirudi kutoka kwenye sherehe. Kuanzia Desemba 2005 hadi Machi 2006 National Gallery ya London ilimpa maonyesho yake binafsi, mpigapicha wa kwanza kupewa nafasi hiyo pale. Picha nyingi zilitoka kwenye vichwa vya habari vya gazeti la Hackney. Zina nguvu, lakini baadhi zinabeba mzigo wa kujulikana: unaingia ukitafuta ni mchoro gani, ukiupata unatabasamu, unaondoka. Kwa picha ya 1997 hata asiyemjua Vermeer anasimama.

Ukuta uliokuwa mtupu

Sasa Dresden.

Kwa miaka mingi nilikuwa na lalamiko langu mwenyewe juu ya picha ya Hunter, nalo lilihusu jina. Kwa Vermeer hatujui barua inasema nini. Ukuta nyuma ya msichana ulikuwa mpana, mtupu, wa rangi ya mawingu, na utupu huo ndio uliokuwa nusu ya mchoro. Barua yaweza kuwa ya mapenzi, ya kifo, ya deni. Vermeer anakuacha mlangoni. Hunter, kwa jina alilotoa, anakusomea barua: ni amri ya mahakama, kwisha. Niliona hapo mpigapicha amefunga mlango ambao mchoraji aliuacha wazi. Niliwahi kubishana na watu juu ya hili, na nilikuwa na uhakika.

Mwaka 1979 eksirei ilionesha kwamba chini ya ukuta ule kuna picha ndani ya picha: Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, mtoto uchi mwenye mabawa, ndani ya fremu kubwa. Wataalamu waliamini Vermeer mwenyewe alibadili nia akamfuta, kama alivyofuta ile glasi ya mvinyo. Hiyo ilitia nguvu hoja yangu: kumbe mchoraji alijaribu kueleza, akaona ni kelele, akanyamaza.

Halafu mwaka 2017 wataalamu wa Dresden walianza kuchunguza tabaka za rangi kwa hadubini kwa ajili ya matengenezo. Kati ya Cupid na ukuta waliona vanishi iliyozeeka na uchafu uliotulia juu yake. Vumbi la miongo. Ukuta mtupu ulipakwa muda mrefu baada ya mchoro kukamilika, Vermeer akiwa kaburini. Kuanzia 2018 mtengenezaji Christoph Schölzel akakaa na hadubini na kisu cha upasuaji, akiondoa rangi hiyo punje kwa punje. Septemba 2021 mchoro ukaoneshwa upya. Cupid amesimama nyuma ya msichana, mkubwa, akikanyaga vinyago chini, ishara ya kale ya mapenzi ya kweli yanayoushinda unafiki.

Mchoro mzima umehama. Msichana aliyekuwa peke yake ndani ya ukimya mpana sasa ana tangazo juu ya kichwa chake. Si barua yoyote tu. Ni ya mapenzi, na Vermeer alitaka ujue.

Kwa hiyo nilichokuwa nakilalamikia hakikuwa cha Vermeer. Ukimya ule niliouhusudu ulifanywa na mtu mwingine kwa brashi ya rangi ya kijivu. Na Hunter, aliyeniudhi kwa kuisoma barua kwa sauti, alifanya mwaka 1997 kile hasa Vermeer alichofanya: aliweka ndani ya kazi yenyewe ishara inayosema barua inahusu nini. Vermeer aliitundika ukutani, Hunter akaiandika chini ya fremu. Hakuweza kulijua hilo. Mchoro alioutazama yeye, kitabuni au kwingine, ulikuwa na ukuta mtupu, na chumba cha Hackney hakina Cupid. Aliiga picha ambayo Vermeer mwenyewe hakuiacha hivyo, na katika jambo moja akakaribia ya asili kuliko nakala aliyokuwa nayo.

Wapo waliochukia mabadiliko ya Dresden, na naelewa. Mchoro wa zamani, wa ukuta mtupu, ulikuwa mzuri zaidi kwa jicho la sasa. Umebaki kwenye mabango na vitabu vilivyochapwa kabla ya 2021. Na umebaki, kwa namna ya ajabu, katika picha ya mwanamke mmoja wa London: yeye ndiye anayesimama bado mbele ya ukuta usio na mungu wa mapenzi.

Cupid huyo Vermeer alimtumia zaidi ya mara moja. Yupo ukutani nyuma ya mwanamke aliyesimama kwenye kinanda, mchoro wa miaka ya mwanzo ya 1670 ulio National Gallery ya London, jumba lile lile ambako Hunter alioneshwa. Jumba hilo liliupata mwaka 1892. Mmoja wa waliokuwa wameumiliki kabla alikuwa Thoré.